Kwa nini gari langu lilichemsha Mai Mahiu: historia ya maji ndani ya injini

Samahani kwa kimya cha wiki kadhaa. Kwa kawaida huwa naandika hapa kuhusu programu na kompyuta, lakini leo naandika kuhusu rejeta. Anayekuja kutafuta msimbo tu ataupata mmoja, tena mfupi, huko chini.

Asubuhi moja mwaka jana nilitoka Naivasha na mama yangu, namleta Nairobi kwenye kliniki ya macho. Miadi yake ilikuwa saa tano. Nilishika barabara ya chini, ile iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na tulipoanza kupanda ule mlima tukajikuta nyuma ya lori la saruji linalotambaa. Sindano ya joto ikaanza kupanda kuelekea H. Nikazima AC, nikafungua madirisha. Baada ya dakika mbili tatu sindano ikashuka yenyewe, ikapita hata mahali pake pa kawaida, ikalala chini karibu na C. Nikamwambia mama, "Imepoa."

Nikaendelea kama kilomita tatu hivi. Halafu gari likaishiwa nguvu, injini ikaanza kugonga, mvuke ukatoka pembeni mwa boneti, likazima.

Kwa wasiojua, Mai Mahiu ni Kikuyu, maana yake maji moto. Mama alicheka kwanza. Alipoona uso wangu akaacha.

Nilishuka mbio na tambara mkononi kwenda kufungua kifuniko cha rejeta. Taniboi wa lori lililokuwa limesimama mbele yetu akanipigia kelele: "Wewe! Wacha hiyo! Unataka kuungua uso?" Nikaacha. Nitaeleza baadaye kwa nini huenda kijana yule aliniokoa macho, siku ile ile nilipokuwa nampeleka mama kutibiwa ya kwake. Mama alipanda matatu peke yake. Alifika kliniki imekwisha, akapewa tarehe nyingine, wiki sita mbele.

Nilikuwa na hakika nani mwenye makosa. Miezi minne kabla ya siku hiyo gari lilikuwa limechemsha kidogo, na fundi mmoja akatoa themostati, akaitupa kwenye debe la vyuma chakavu. "Hiyo ni ya nchi za baridi, boss. Huku kwetu haina kazi." Nami nilikubali, nikalipa, tena nikashukuru. Sasa nilitaka kujua mambo mawili: je, kile kidude kilikuwa na kazi gani? Na kwa nini sindano ilinionyesha baridi wakati injini inaungua?

Mimi nikitaka kuelewa kitu hurudi mwanzo kabisa. Basi twendeni Ujerumani.

Karl Benz alipata hataza ya gari lake la magurudumu matatu Januari 1886. Injini yake ilipozwa kwa maji, lakini hakukuwa na rejeta. Maji yalizunguka silinda, yakachemka, yakapaa kama mvuke, basi. Yakipungua unaongeza. Msicheke, kwa sababu njia hii ina akili. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya joto kunahitaji kilojuli 4.2 hivi, lakini kuigeuza lita hiyo kuwa mvuke hubeba kilojuli 2,260. Tena maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100, kwa hiyo injini inajidhibiti yenyewe bila kifaa chochote, mradi tu maji yapo.

Mradi tu maji yapo! Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alichukua gari hilo bila kumwaga mume wake, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akaenda kumtembelea mama yake kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Vitabu husimulia sana jinsi alivyonunua mafuta kwenye duka la dawa huko Wiesloch, na jinsi alivyozibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia. Mimi kilichonivutia ni maji. Ilibidi wasimame mara kwa mara njiani kuyatafuta popote yanapopatikana. Safari ndefu ya kwanza ya gari duniani ilikuwa pia safari ya kwanza ya dereva mwenye kiu ya injini. Anayewajua madereva wetu wa zamani na mitungi yao ya maji kwenye buti atamtambua Bertha mara moja.

Njia ya Benz ilitosha kwa injini yenye nguvu za farasi moja au mbili. Takribani theluthi moja ya nishati ya mafuta huishia kwenye maji ya kupozea, kwa hiyo nguvu ikipanda, maji ya kupoteza nayo yanapanda mpaka gari linakuwa pipa la maji lenye magurudumu. Aliyekata fundo hilo ni Wilhelm Maybach wa kampuni ya Daimler. Kwa ile Mercedes ya farasi 35, iliyokamilika mwishoni mwa mwaka 1900, alitengeneza rejeta ya mirija 8,070, kila mmoja mraba wa milimita 6 kwa 6, imeunganishwa kama sega la nyuki. Hewa inapita ndani ya mirija, maji yanapita katikati yake. Maji yale yale yanarudi injini, yanarudi rejeta, yanarudi injini. Rejeta iliyo mbele ya gari lako leo ni mjukuu wa sega lile.

Henry Ford naye alikwenda upande mwingine. Magari kama 2,500 ya kwanza ya Model T, mwaka 1908 na 1909, yalikuwa na pampu ya maji. Kisha akaitoa! Maji moto ni mepesi, hupanda. Maji baridi ni mazito, hushuka. Basi acha yazunguke yenyewe. Kitu kisichokuwepo hakiharibiki. Yalitengenezwa magari milioni 15 ya Model T, na hadi mwisho yalikuwa maarufu kwa kuchemsha milimani. Kwa hiyo fundi wangu si mtu wa kwanza kutoa kitu kwenye mfumo huu akitegemea maji yatajitafutia njia.

Sasa tuje kwenye sindano, maana hapa nilishtuka.

Miaka ya 1910 madereva wa Marekani walianza kununua kifaa kinachoitwa Boyce MotoMeter. Ni kipimajoto kilichofungwa juu ya kifuniko cha rejeta, nje, dereva anakisoma kupitia kioo cha mbele. Ncha yake haikuzama ndani ya maji. Ilikaa kwenye mvuke ulio juu ya maji. Lilikuwa wazo zuri, maana maji yakianza kuchemka mvuke unakuonya. Lakini kila kipimajoto hupima kilichokigusa tu, na sensa ya gari langu, iliyotengenezwa karibu miaka mia moja baadaye, ina udhaifu huo huo. Imekusudiwa kuzama kwenye maji. Maji yalipopungua mlimani ikabaki hewani, na hewa haipitishi joto kama maji. Sensa ikapoa huku chuma kilichoizunguka kikizidi kuungua. Ikatuma taarifa ya kweli kabisa kuhusu mahali ilipokuwa, nami nikaisoma kama taarifa ya injini nzima. Ningekuwa najua hilo ningesimama pale pale, na zile kilomita tatu hazingekuwepo. Nakwambia wewe unayesoma: sindano ikipanda sana kisha ikashuka ghafla bila sababu, usishukuru. Simama, zima.

Kuna jambo jingine kuhusu sindano. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990 yana sindano iliyofundishwa kudanganya kidogo. Kati ya nyuzi 75 na 105 hivi inakaa katikati bila kutikisika, ili wateja wasiogope kila inapopanda kilima. Ukiiona inasogea, ujue mambo yameharibika tayari. Sisi waandishi wa programu tunaijua tabia hii, ya kuficha tarakimu ili mtumiaji atulie. Nimewahi kuifanya mwenyewe.

Themostati basi. Injini za awali hazikuwa nayo, na tatizo lake lilikuwa kinyume cha langu: zilikaa baridi mno. Petroli haigeuki mvuke vizuri ndani ya silinda baridi. Hushuka kama matone kwenye ukuta wa silinda, huosha oili, na chuma husagana na chuma. Madereva walifunika rejeta kwa blanketi au kwa vibao. Mwaka 1914 Cadillac ilitoa injini ya V8 ambayo mzunguko wake wa maji ulidhibitiwa na themostati, na wengine wakafuata. Themostati za mwanzo zilikuwa kama kinanda kidogo cha bati chenye kimiminiko ndani. Kisha miaka ya 1930 Sergius Vernet, huko Marekani, akaja na ile tunayoitumia mpaka leo: kikombe kidogo cha shaba kilichojaa nta. Nta ikiyeyuka hutanuka kwa nguvu na kusukuma kijiti, mlango unafunguka. Kwa kawaida hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Haina waya, haina umeme wala kompyuta. Napenda sana kifaa hiki.

Kumbe si mlango mmoja. Katika injini nyingi za kisasa, yangu ikiwemo, themostati ina visahani viwili. Injini ikiwa baridi, kisahani cha juu kinafunga njia ya kwenda rejeta, na maji yanazunguka ndani ya injini kupitia njia ya mkato. Ikipata joto, cha juu kinafungua njia ya rejeta, na wakati huo huo cha chini kinashuka na kuziba njia ya mkato. Ukiitoa themostati, njia zote mbili zinabaki wazi daima. Sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta hata kidogo. Kwenye tambarare hutagundua, tena sindano itakaa chini ufurahi. Mlimani nyuma ya lori, rejeta inahitaji kila tone.

Mtaani utasikia maelezo mengine, kwamba bila themostati maji yanapita haraka mno hayapati muda wa kupoa. Si kweli. Maji yanayopita haraka hubeba joto jingi zaidi. Tatizo ni njia ya mkato.

Hata hivyo, kadiri nilivyosoma ndivyo hasira zangu kwa fundi zilivyopungua. Katika injini nyingi za zamani njia ya mkato ilikuwa tundu dogo tu, na themostati ya nta ikichoka huweza kukwama ikiwa imefunga. Fundi wa miaka hiyo akiwa na gari linalochemsha barabarani, hana spea, alitoa kidude na mteja akafika nyumbani. Hiyo ilikuwa akili. Akamfundisha kijana wake, naye akamfundisha huyu wangu. Injini zikabadilika, somo likabaki. (Hata Volkswagen kobe, isiyo na maji kabisa na iliyoshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, ilikuwa na themostati yake ya kudhibiti hewa, na watu waliitoa hiyo pia!)

Nami nimefanya hivyo hivyo kazini. Niliwahi kufuta mstari mmoja wa programu ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka, mstari ulioonekana hauna kazi, na kesho yake malipo ya wateja yakaanza kuingia mara mbili. Sikutupwa kwenye debe la vyuma chakavu, kwa hiyo sina haki ya kumtupa fundi.

Lakini bado swali moja. Gari lilichemsha mara ya kwanza likiwa na themostati yake nzuri. Kwa nini?

Hapo tunaingia kwenye presha, na hapa jiografia yetu ina neno. Maji huchemka kwa nyuzi 100 kule Mombasa. Nairobi, mita kama 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi kama 94. Ukifika Limuru ni kama 93. Injini ya kisasa hufanya kazi karibu na 90 hadi 100, kwa hiyo kwa maji yaliyo wazi ingechemsha kila siku. Jibu lilianza kuenea kwenye magari miaka ya 1930 na 1940: ziba mfumo, weka kifuniko chenye springi, acha presha ipande. Kifuniko kama changu kimeandikwa 0.9, yaani huongeza karibu presha nyingine nzima ya anga. Nairobi maji hayachemki tena mpaka yafike karibu nyuzi 115. Ndiyo maana taniboi alipiga kelele. Maji ya nyuzi 110 yametulia kwa sababu tu yamebanwa. Ukifungua kifuniko yote yanataka kuwa mvuke kwa wakati mmoja, na uso wako uko hapo juu.

Gari langu lilivutwa hadi kwa fundi wa pili, mtu mzima, mpole, mwenye kipampu cha mkono chenye geji. Hakugusa spana. Kwanza alisubiri injini ipoe kabisa, maana maji baridi kwenye chuma kinachoungua hupasua chuma. Kisha akapima presha ya mfumo: inashuka. Akatia kimiminiko cha bluu kinachonusa gesi kwenye mdomo wa rejeta, akawasha injini kidogo. Bluu ikageuka njano. Maana yake moshi wa silinda ulikuwa unaingia kwenye maji: gasketi ya silinda hedi imekwisha. Hiyo ndiyo bei ya kilomita tatu zangu. Mwisho akakichukua kile kifuniko, akakifunga kwenye kipampu, akasukuma. Kikaachia kwenye 0.3.

"Kijana, hii uliinunua lini?" Sikuwahi kuinunua. Ilikuja na gari.

Springi ilikuwa imechoka. Kwa presha hiyo, maji ya bomba niliyokuwa naongeza kila wiki (bila kulanti, ndiyo, nakiri) yangechemka pale mlimani kwa nyuzi kama 102. Kidogo kidogo yalikuwa yanasukumwa kwenye chupa ya akiba na kumwagika barabarani. Fundi wa kwanza hakupima kifuniko, mimi sikuuliza, na tiba tuliyochagua ikaongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kulanti nitaipitia haraka. Kiungo chake kikuu, ethilini glikoli, kilitengenezwa na Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz mwaka 1856, na kikaanza kuuzwa kwa madereva wa Marekani kwa jina la Prestone mwaka 1927, kuzuia maji yasigande. Maji yetu hayagandi, lakini dawa zilizomo huzuia kutu, hulinda alumini na pampu, na mchanganyiko huo huchemka juu zaidi kidogo ya maji matupu. Itie.

Feni ya umeme nayo ina sababu yake. Injini ilipolazwa kwa upana wa gari, mkanda haukuweza tena kuzungusha feni inayotazama rejeta ya mbele. Fiat 128 ya Dante Giacosa, mwaka 1969, iliweka feni ya umeme inayowashwa na joto lenyewe, na karibu magari yote madogo yakafuata.

Na ule msimbo? Tangu mwaka 1996 magari yanayouzwa Marekani yalilazimishwa kuwa na lugha moja ya kuzungumza na kompyuta ya injini, na sehemu kubwa ya dunia ikaifuata. Nilinunua kidude cha bei rahisi, nakala ya ile chipu ya ELM327, nikakichomeka chini ya usukani. Unatuma "01 05". Gari linajibu, kwa mfano, "41 05 80". Hiyo 80 ni heksadesimali, yaani 128. Toa 40. Nyuzi 88. Basi, ndiyo programu nzima:

joto = baiti - 40

Ndani ya kumbukumbu ya gari nilikuta pia P0128, maana yake injini haifikii joto ambalo themostati ingeleta. Ilikuwa imehifadhiwa muda mrefu. Taa ya injini ilikuwa inawaka kwenye dashibodi kwa miezi mitatu, na nilikuwa nimeizoea. Gari liliniambia. Lilinieleza hata kwa nambari.

Silinda hedi ilipelekwa kwa mashine ikasawazishwa, gasketi mpya, themostati mpya, kulanti nusu kwa nusu. Gharama ilikula zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi. Kifuniko kipya cha rejeta kilikuwa shilingi mia saba.

Wiki sita zilipofika nilimfuata mama Naivasha tena. Nilifunga simu kwenye dashibodi ikionyesha tarakimu. Mai Mahiu mjini, 88. Katikati ya mlima, nyuma ya lori kama kawaida, 93. Karibu na juu, 97; nikasikia feni ikiingia; 94, 92. Mama alikuwa anatazama simu kwa jicho lake zima.

"Inasemaje hiyo?"

"Tisini na mbili, mama."

"Na hiyo ni nzuri?"

"Ni nzuri."

"Sawa. Tukirudi usisahau kusimama, nataka minji."